Maski ya jero mnatuuzia buku mbili na nusu, wagonjwa wetu wafanyeje?

Wakuu nimerudi home sasa hivi hasira zimenijaa mpaka kooni, naomba niseme.

Mama yangu ana kisukari na pumu pia, tuko naye Mbagala. Tangu Jumatatu tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya Ummy Mwalimu alipotangaza yule mgonjwa wa kwanza wa corona hapa Tanzania, aliyetoka Ubelgiji akashukia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, mama usingizi hana, kila anayepita hapa anamwambia corona inaondoka na wazee na wenye sukari. Jumatatu ijayo ana kliniki, na kliniki ni foleni ya masaa, watu wamebanana kwenye mabenchi, ndo maana leo nikatoka kumtafutia maski na sanitaiza.

Duka la dawa la kwanza hamna, la pili hamna, la tatu kijana ananiambia zipo ila moja ni buku mbili na nusu. MOJA! Maski ile ile ya bluu niliyochukua kwake jero mwezi wa pili nilipokuwa napaka rangi chumba. Namuuliza vipi tena, anasema kaka bei imepanda kule tunakochukua. Sasa boksi analitoa chini ya kaunta limejaa vumbi na ubavuni 500 imeandikwa kwa maka pen, hata kuifuta hajafuta, huo mzigo umepanda lini wakati ulikuwa hapo hapo dukani kwake?? Sanitaiza ndo usiseme, kichupa kidogo elfu nane hakina lebo, nimekifungua kinanukia marashi tu spiriti hata kwa mbali haipo, na tunaambiwa iwe na alkoholi kuanzia asilimia 60. Huko ni kuua watu, mtu anajipaka anajiona yuko salama kumbe hamna kitu.

Kurudi kwenye daladala ndo nikachoka kabisa. Shule zimefungwa siku 30, ligi imesimamishwa, mikusanyiko marufuku, lakini konda anasukuma watu sogea nyuma sogea nyuma, mvua inanyesha madirisha yote yamefungwa, tunapumuliana usoni. Kuna mzee alikohoa mara mbili tu, gari zima likamgeukia, wakampigia kelele mpaka akashuka kwa Aziz Ally na mvua ile na kimfuko chake cha nyanya. Mzee wa watu pengine ana kifua chake cha siku zote kama mama yangu. Hakuna aliyemtetea, na mimi nilikaa kimya, inaniuma mpaka sasa.

Maski nimechukua mbili, elfu tano, hela yetu ya mboga siku mbili. Mama kaniuliza bei nikamwambia jero jero kwa sababu angejua asingekubali kuvaa.

Mwenye kujua duka Temeke au Kariakoo wanaouza bei ya kibinadamu aniambie kabla ya Jumatatu, nitafuata popote.