Tupeane uzoefu: mbwa wako anakusaidia kazi gani za ndani?

Dekio Bovu: Wakuu, leo nadeki huku jamaa yangu kakaa pembeni ananivizia, nikisukuma dekio tu kalidaka. Nahamia chumbani naye yumo. Wa kwenu wanasaidia nini?

Kipara: Wangu ni ufagio. Anaubwekea weee, halafu rundo la taka ulilokusanya analitawanya kwa mkia.

Chaupole: Huo mkia huo 😂

Mama Pacha: Wangu alikuwa mtu wa nguo. Nikianika ananitolea kwenye beseni moja moja ananikabidhi, hakuna aliyemfundisha, mi nampa kabiskuti kake tunaendelea. Mara soksi zikaanza kupotea, nikawa nagombeza watoto bure. Kumbe bwana mkubwa anameza! Akagoma kula, anatapika povu la njano, tumbo limekaza ukimgusa tu analia, tukambeba mbiombio kwa daktari wa mifugo, picha ikaonyesha utumbo umeziba, akapasuliwa usiku uleule. Daktari katuletea soksi kwenye kisahani, ya mtoto, ile yenye katuni. Mimi nalia, baba watoto anauliza "na mwenzake iko wapi?"

Chaupole: Aisee pole. Ila huyo shemeji 😂😂

Mtu wa Nje: Mbwa na chumbani wapi na wapi? Mbwa kazi yake kulinda.

Kipara: Kwani umeulizwa? Wangu hata vyombo ananisuuzia kwanza.

Mtu wa Nje: Yaani unakula sahani iliyolambwa na mbwa, halafu unanijibu mimi.

Kipara: Naziosha mkuu, kwa sabuni. Wewe je?

Bi Mkubwa: Acheni ugomvi. Dekio Bovu, hiyo ndoo yako kama ina dawa ya madoa usimwache aionje, inaunguza mdomo mpaka tumboni. Na jikoni asidake vitunguu, hata vilivyopikwa, vinaharibu damu yake. Dawa ni kumfungia nje mpaka umalize.

Dekio Bovu: Nikimfungia anakwangua mlango mpaka rangi inatoka.

Chaupole: Usimfungie, mpe kazi. Mfundishe kuleta rimoti.

Kipara: Wangu aliileta. Haina betri.

Bi Mkubwa: Betri ziko wapi?? Mpeleke kwa daktari sasa hivi, si jambo la kuchekea hilo!

Kipara: Mama tulia, nilikuwa nimeziweka kwenye saa.

Mtu wa Nje: Mama Pacha, hiyo soksi ya pili ilitoka lakini?