Ithibati ya kozi za elimu maalumu ina faida gani?

mama_k: Wadau nataka kusomea ualimu wa elimu maalumu, naambiwa nihakikishe kozi ina ithibati, inasaidia nini hasa?

msomaji22: Inasaidia sana dada, maana yake watu wa nje ya chuo wamekuja wakakagua mtaala, wakufunzi na hasa mazoezi ya kufundisha, na hapo ndo unajifunza kumwandalia mtoto mpango wake binafsi, mazoezi yakiwa hafifu anayeumia ni mtoto. Marekani kuna CAEP, baraza la kutoa ithibati kwa kozi za ualimu, nao wanafanya hiyo kazi.

tulia: Na leseni ya kufundisha pia, sehemu nyingi bila kozi iliyoidhinishwa utahangaika kuipata. Ila cheki ithibati ni ya kozi yenyewe, chuo kuwa nayo haitoshi, halafu uliza hiyo ithibati inaisha lini.

mama_k: Asanteni, nauliza kabla sijalipa ada.