Tupeane uzoefu: mkaa wa chenga na vifuu, na namna ya kumfanya jirani aujaribu

Bi Kifuu
Wakuu, salaam. Mada za kuokoa miti zimejaa "tubadilike" na "tuelimishane", ila ukimwuliza mtu unga wa muhogo wa kushikanisha mkaa wa chenga anaweka kiasi gani, kimya. Hapa tuweke vipimo, hadithi za maisha tuziache kando kwa leo. Maswali ni mawili: mkaa mbadala unatengenezwaje ukawaka kweli, na jirani anayepikia mkaa wa mti unamwingiaje bila kumhubiria?

Chenga Tupu
Malighafi rahisi ni chenga zinazobaki chini kwa wauza mkaa. Ugonjwa wake ni mchanga. Hauungui, unabaki kuufunika moto, na mtu atakuja kusema mkaa wako "umezimika wenyewe". Tia konzi moja kwenye ndoo ya maji, koroga, subiri: mkaa mwingi huelea, mchanga huzama. Ukiona chini pamejaa, osha zote hivyohivyo, anika, ndipo utwange na kuchekecha. Chembe ikiwa kubwa kama punje ya mahindi, donge la mkaa utakalofinyanga litapasuka hapohapo likikauka.

Gundi: kwa kilo 10 za unga wa mkaa, robo tatu ya kilo ya unga wa muhogo inatosha. Uvuruge kwanza kwa maji baridi, kisha mimina kwenye lita 4 au 5 za maji yanayochemka, ukikoroga mpaka uji uache weupe, ung'ae na kuvutika. Uji usioiva haushiki. Changanya na mkaa kidogo kidogo, halafu finya konzi: lishikane bila maji kupenya vidoleni. Maji yakitoka, ongeza unga wa mkaa, usiongeze uji. Uji ukizidi unaleta moshi, na donge litaota ukungu kabla ya kukauka.

Umbo: kipande cha bomba la plastiki la inchi 2 na mti wa kushindilia. Siku ya kwanza anika kivulini, jua kali la ghafla hupasua. Baada ya hapo juani siku 3 hadi 5, ukigeuza. Vunja moja uguse katikati. Pakiwa na ubaridi, bado.

Makaa Mtaani
Nairobi watu wengi hawatumii unga, hufinyanga vumbi la makaa na udongo. Kopo 1 la udongo wa mfinyanzi kwa makopo 5 ya vumbi. Moto wake ni wa polepole na majivu ni mengi, lakini gundi ni ya bure. Tena unga ni chakula jamani.

Chenga Tupu
Kweli, ila ukifika kopo 1 kwa 3 unapika tofali. Makaratasi yaliyolowekwa nayo yanashika, moshi tu ndio taabu.

Pipa la Mia Mbili
Nizungumzie vifuu. Pipa la lita 200, lisiwe lililobeba dawa au kemikali. Toboa chini matundu 10 hivi ya upana wa kidole gumba, liinue juu ya mawe matatu. Vifuu viwe vikavu kabisa, makumbi yametolewa. Washa kidogo chini, ongeza kwa awamu kila moto unapopanda. Moshi mweupe mzito ni maji yanayotoka. Ukiwa mwembamba, wa kibuluu, unakaribia kuisha, funika, ziba ukingo kwa udongo wenye maji, zungushia mchanga chini matundu yasipate hewa. Liache hadi kesho yake.

Wanaoharibu wanaharibu hapa: wanafungua baada ya saa mbili, hewa inaingia, mkaa unashika moto upya na asubuhi wana majivu. Wengine wanachelewa kufunika. Kilo 10 za vifuu zikikupa kilo 2 na nusu hadi 3 za mkaa, umefanya vizuri.

Na hili linajibu nusu ya swali la pili: moshi wa pipa ndio utakaokufukuzia majirani haohao unaowataka. Usichome karibu na kamba za nguo. Hapo hata uwe na maneno ya asali, umeshakosa.

Mama Kande
Bi Kifuu, kumwingia jirani usianze na ukame wala barafu ya Kilimanjaro. Anza na maharage.

Majiko mawili ya aina moja, sufuria zinazolingana, nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa usiku kucha kila upande, kilo moja ya mkaa huku na kilo moja kule. Fanyeni uani mchana, kila mtu aone saa. Sema mapema kwamba mkaa wa mti utachemsha kwanza. Ukificha hilo, dakika ya kumi watakucheka na mchezo umeisha. Donge lililoshindiliwa vizuri faida yake ni baadaye, linapodumu na makali yaleyale bila kuongezwa.

Mwonyeshe pia kuwasha: vipande vichache vya mkaa wa kawaida chini, madonge juu yakiwa na nafasi kati yake, na asiyachokoe. Wengi wanayachokoa, yanavunjika, hewa inakosa njia, lawama inakuja kwako.

Chagua wa kumpa. Muuza chipsi hapana, anataka moto mkali wa papo hapo. Mpe anayechemsha supu ya kongoro au kande. Na mpe ya mlo mmoja tu, ila kavu kabisa. Fungu bichi moja linaharibu jina mtaa mzima.

Bi Kifuu
Asante sana Mama Kande. Mvua za masika je? Na akiniuliza kama ni salama kuingiza jiko ndani?

Mama Kande
Ndani hapana. Mkaa wowote, wa mti au wa chenga, unatoa gesi ya sumu isiyo na harufu, na donge lisilo na moshi linadanganya zaidi. Jiko libaki nje mpaka lizime kabisa.

Chenga Tupu
Masika: tengeneza za kutosha kabla, weka kwenye magunia ya katani juu ya mbao, si sakafuni. Zikinyonya unyevu, zirudishe juani siku moja. Zenye udongo zikilowa zinarudi tope, hizo ni za kufinyanga upya.