Mhadhiri kaleta kozi nzima imeandikwa na ChatGPT, nianzie wapi?

KalamuMbili:
Wakuu, habari za kazi. Mimi ni msanifu wa kozi za mtandaoni chuo kikuu, mwaka wa sita huu. Zamani mhadhiri alikuwa ananiletea silaidi zilizochakaa na maelezo ya nusu ukurasa, tunakaa wiki nne tunabishana mpaka kozi inasimama. Juzi mmoja kaniletea fizikia ya mwaka wa kwanza: moduli 12, kila moja ina malengo, muhtasari, maswali 10 ya kuchagua na mada ya mjadala. Kaitengeneza jioni moja. "Wewe pandisha tu kwenye Moodle," ananiambia, yaani ule mfumo wetu wa kozi za mtandaoni.

Shida ni kwamba sioni kosa la wazi. Lugha imenyooka, mpangilio umetulia, ila nikimaliza moduli sikumbuki nimesoma nini. Nimwambieje bila kuonekana nalinda kibarua changu?

KitambuziHuru:
Pitisha kwenye zile programu za kutambua maandishi ya akili mnemba, umwonyeshe asilimia. Kwisha habari.

BiRubriki:
Hapana jamani. OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, walikuwa na kitambuzi chao, wakakiondoa Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Na huyu mhadhiri hajaficha kitu, sasa unamkamata kwa lipi?

KalamuMbili, achana na maandishi kwanza, nenda kwenye yale maswali ya kuchagua. Huko ndiko mashine inakojiumbua. Funika swali, soma majibu peke yake, chagua lililo refu kuliko yote. Mimi nilifanya hivyo kwenye kozi kama yako nikapata 7 kati ya 10, na fizikia niliiaga sekondari.

Kisha tazama majibu ya kupotosha. Kwangu kulikuwa na swali: mpira umerushwa wima juu, ukifika kileleni, tukiacha ukinzani wa hewa, ni kani gani inaukabili? Mashine iliweka mvutano wa dunia, halafu sumaku, umeme, na msuguano wa ardhi. Nani atachagua sumaku? Hata aliyelala darasani hachagui.

Nikampigia mhadhiri, nikamuuliza neno moja tu: wanafunzi wako hukwama wapi hapa? Akacheka. Akasema kila mwaka wapo wanaoapa kwamba pale juu hakuna kani yoyote, kwa kuwa mpira umesimama. Wengine wanadai nguvu ya mkono bado imo ndani ya mpira. Basi, majibu ya kupotosha tumeshayapata! Yalikuwa kichwani mwake miaka yote, hajawahi kuyaandika popote, na ChatGPT ingeyajulia wapi kwamba ndiyo yanayolisumbua darasa lake?

Baada ya hapo mashine ilitufaa. Tuliipa makosa yale mawili iandike rasimu ya mrejesho kwa kila jibu, mhadhiri akakata na kusahihisha. Kazi ya siku nzima ikaisha kabla ya chai.

Moduli_ya_Saba:
Nyongeza kwa Bi Rubriki: linganisha malengo na maswali. Mashine inapenda vitenzi vya ngazi za juu za Bloom (ule mpangilio wa malengo ya kujifunza, kuanzia kukumbuka kwenda juu), "kuchambua", "kutathmini", halafu jaribio lenyewe linataka mtu akumbuke fasili. Na fungua kila rejeo moja baada ya jingine. Mimi nilikuta vitabu viwili ambavyo havipo duniani, na vina hadi namba za kurasa.

KitambuziHuru:
Sawa, nimekubali la kitambuzi. Lakini mhadhiri aliyeandika kozi jioni moja atakuwa na muda wa kupigiwa simu moduli 12?

BiRubriki:
Usimpigie kwa zote. Chagua moja ambayo yeye mwenyewe anajua wanafunzi wanaanguka.

KalamuMbili:
Nimejaribu ile ya jibu refu: 8 kati ya 10. Nimemtumia picha bila maneno mengi, na swali la wapi wanakwama kwenye moduli ya tatu. Nilitegemea anune. Kanirudishia ujumbe wa sauti wa dakika 11, na hajafika hata nusu ya moduli, anasema ataendelea kesho. Ndiyo nausikiliza hapa na daftari mkononi.