MREJESHO: Kadi za José Oquendo

Wakuu, habari zenu. Mwezi uliopita niliuliza nitazipataje, bila kuchoma hela, kadi za kukusanya zenye picha ya José Oquendo, yule mchezaji wa besiboli Mpuerto Rico wa timu ya St. Louis Cardinals aliyecheza nafasi zote 9 uwanjani msimu wa 1988. Nimerudi na majibu.

Aliyesema nisinunue moja moja mtandaoni, Mungu akubariki. Gharama ya posta ilikuwa inaizidi bei ya kadi. Nilienda duka moja hapa St. Louis lenye maboksi ya kadi za bei chee, nikachakura mpaka vidole vikawa vyeusi kwa vumbi. Nikatoka na 14, zikiwemo za kampuni za Topps, Fleer na Donruss za 1989. Miaka ile zilichapishwa nyingi kupita kiasi, ndiyo maana hakuna anayezigombania. Isipokuwa mimi.

Nilipofeli ni kwenye Topps Tiffany ya 1989, lile toleo maalumu linalong'aa usoni. Mlinionya niombe kwanza picha ya mgongo wa kadi, nikaona haya kumsumbua muuzaji. Imefika: mgongo wa kijivu, usoni haing'ai hata kidogo. Tiffany mgongo wake ni mweupe. Dola 6 zimekwenda na maji.

Zile mbili zilizogandana kwa unyevu, ushauri wa kuziweka kwenye friza umeokoa moja. Ya pili imebanduka vibaya, uso wa Oquendo umebaki mgongoni kwa mwenzake.

Tiffany bado naitafuta. Safari hii naomba picha ya mgongo kabla hata ya salamu. Asanteni sana.