Mutombo alikuwa mkali kiasi gani? Vijana wangu wanabisha

Wadau, nafundisha kikapu madogo wa mtaani. Dogo mmoja anasema Dikembe Mutombo, yule Mkongo aliyecheza NBA (ligi kuu ya kikapu Marekani), hakuwa lolote, eti alikuwa mrefu tu na kumtikisia kidole aliyemzuia. Mliomwona akicheza, nisaidieni.

Mzee wa Ribaundi: Kocha, urefu peke yake haukupi bloku 3,289, yaani mitupo ya wapinzani aliyoizuia. Kwenye NBA ni mchezaji mmoja tu aliyemzidi, Hakeem Olajuwon. Tuzo ya mlinzi bora kaibeba mara nne: 1995, 1997, 1998 na 2001. Mwonyeshe dogo mechi ya tano ya mchujo kule Seattle, Mei 1994. Denver, timu yake, waliingia nafasi ya nane, wakawatoa Seattle waliokuwa vinara. Filimbi ya mwisho ikilia, jamaa kalala chali sakafuni, mpira kaushika kwa mikono miwili juu ya uso, anacheka kama mtoto. Mfululizo ule wa mechi tano peke yake alibloku 31! Kufunga ndiyo hakuwa fundi sana, tusidanganyane.

Mama Pivoti: Na Georgetown, chuo kikuu cha Marekani, alikwenda akitaka udaktari. Baadaye akajenga hospitali Kinshasa, ikafunguliwa 2007, ina jina la mama yake, Biamba Marie.

Kocha (muuliza swali): Asanteni. Hicho kidole je, si kilikuwa kosa?

Mzee wa Ribaundi: Ukimtikisia mpinzani usoni, unapigwa faulo ya kiufundi, ile ya utovu wa nidhamu. Mjanja yule akawa anawageukia mashabiki.