Naomba ushauri: mdhamini wa pili kwenye maombi ya MBA awe nani?

Wakubwa shikamooni, wengine habari za majukumu.

Nipo Tukuyu, mhasibu wa kampuni inayonunua parachichi kwa wakulima wa Rungwe. Nataka kuomba MBA (shahada ya uzamili ya biashara) ya chuo cha INSEAD, ile ya miezi 10 yenye kampasi Ufaransa na Singapore. Ushindani wake mnaujua.

GMAT (mtihani wa kuombea MBA) nimefanya, nimepata 605 kati ya 805. Kilichonivuta chini ni sehemu ya uchambuzi wa data, yale majedwali na grafu za kusoma mbiombio. Insha rafiki alizipitia akasema zinasomeka kama CV, hivyo nimeanza upya na kisa kimoja tu: tulivyohamisha malipo ya wakulima kutoka taslimu kwenda kwenye simu, wazee wakagoma kushusha kreti mpaka walipoona meseji ya hela imeingia palepale kwenye mzani.

Kinachonikwamisha ni barua za wadhamini, yaani watu wa kunipendekeza chuoni. Zinatakiwa mbili, ya bosi ipo. Mwenyekiti wa AMCOS (ushirika wa wakulima) ananijua kazini nje ndani, ila Kiingereza kinampiga chenga. Mhadhiri wangu wa zamani ana cheo kizuri, lakini sidhani hata sura yangu anaikumbuka. (Barua ya "ni mchapakazi na mwaminifu" hata mimi naweza kujiandikia.)

Kati ya hao wawili nimchukue nani? Na GMAT nirudie, au nguvu zote nizipeleke kwenye insha? Waliowahi kupita njia hii naomba mnisaidie, hata PM ni sawa.